Kupunguza makaa na gesi jikoni bila kupunguza chakula: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ni yale yale. Mbona gorogoro (mkebe wa kupimia) la makaa halifikishi hata chakula cha jioni? Mbona meko, yaani mtungi mdogo wa gesi wenye jiko juu yake, huzimika maharagwe yakiwa bado magumu? Na mbona kikapu cha kupikia, kile chenye vijazio vya kushika joto ambamo sufuria iliyokwisha kuchemka humalizia kuiva bila moto, kikinunuliwa sokoni kinatoa wali mbichi? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio, kwa mtu anayeanza kabisa, awe amepanga chumba kimoja Kondele mjini Kisumu, anaishi kwenye ploti ya Nakuru, au ana boma Kakamega lenye migomba nyuma ya nyumba.

Tunaanza na moto wa kupikia kwa sababu huko ndiko pesa nyingi ndogondogo zinakopitia. Watu huhangaika na taa, lakini balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka muda wa saa 5 kila jioni haifikishi yuniti moja na nusu ya tokeni kwa mwezi mzima. Pasi ya wati 1,000 inakula yuniti moja kwa saa moja tu. Kwa hiyo piga pasi nguo zote mara moja kwa wiki, halafu achana na mambo ya stima urudi jikoni.

Nadharia ni fupi. Sufuria ikishachemka, joto lake halipandi tena hata ukiongeza makaa; makaa ya ziada yanageuza maji kuwa mvuke, basi. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Nakuru iko mita 1,850 hivi, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ndiyo maana maharagwe ya gunia moja hukawia zaidi Nakuru. Kazi yako ni mbili: kufikisha sufuria kwenye mchemko kwa moto mchache, kisha kulifungia joto hilo lisitoke.

Kabla ya kununua chochote

Andika kwa wiki moja kila shilingi inayokwenda kwa makaa, gesi, mafuta ya taa na kuni. Andika hata gorogoro la dharura la saa moja usiku. Bila hesabu hiyo hutajua kama umeokoa kitu, na utaacha njia nzuri kwa kudhani haifanyi kazi.

Vitu vya kuandaa

- Sufuria ya lita 5 isiyo na mpini mrefu, yenye mfuniko unaokaa sawasawa. Mfuniko uliopinda gonga unyooke, au tafuta mwingine.
- Kikapu kigumu chenye mdomo wa sentimita 45 hivi na kimo cha sentimita 40 au zaidi. Vinavyosukwa kwa mafunjo au gugu-maji vinafaa. Katoni nene au beseni kubwa la plastiki lililopasuka pia vinafaa. Umbo halina shida, nafasi ndiyo muhimu.
- Vijazio: majani makavu ya migomba, nyasi kavu, vipande vya nguo za pamba kutoka kwa fundi cherehani, au mabaki ya sponji kutoka kwa fundi wa viti. Andaa gunia moja lililojaa.
- Nailoni safi ya kutosha kufunika ndani ya kikapu, kwa mfano bitana ya ndani ya gunia la sukari.
- Leso kuukuu mbili au kitambaa cha pamba mita 3, sindano kubwa na uzi mgumu.
- Jiko la makaa lenye udongo ndani. Jiko la bati tupu hula makaa mengi zaidi kwa sababu kuta zake hupoteza joto. Ukilinunua kwa sababu ya bei, hiyo tofauti utailipa kwa muuza makaa.
- Mkebe wa bati wenye mfuniko unaobana, wa kuzimia makaa.
- Saa, au simu yenye kengele.

Jiko kwanza

1. Kagua udongo wa ndani. Ufa mwembamba si tatizo. Ufa unaopitisha mwanga, au udongo unaotikisika ukiushika, unavujisha joto. Huhitaji jiko jipya: mafundi wa jua kali huuza udongo peke yake na kuukandikia ndani ya bati lile lile. Kisumu, pita soko la Kibuye. Jumapili ndiyo siku sokoni kumejaa na una mengi ya kulinganisha. Jiko jipya liwashe mara ya kwanza kwa makaa machache, kwa sababu unyevu uliobaki ndani ya udongo ukipashwa moto mkali unaupasua.

2. Nunua makaa kwa uzito na mlio. Kaa zuri ni zito, na vipande viwili vikigonganishwa hulia kama bati. Kaa jepesi huwaka haraka na kuisha haraka. Vipande vyenye rangi ya kahawia ni kuni ambazo hazikuiva; vitakuletea moshi. Ukinunua kwa gorogoro, inua mkebe utazame chini yake, maana kuna iliyobonyezwa kitako ili ishike kidogo. Ukiweza, nunua gunia Januari au Februari kabla mvua za Machi hazijaanza, makaa yakiwa makavu. Kwenye chumba kimoja gunia halina pa kukaa, basi changa na jirani mgawane kwa gorogoro moja mnayoiamini wote wawili.

3. Washa nje kwa magunzi makavu mawili au matatu. Nailoni za mkate na vipande vya plastiki hapana: moshi wake ni sumu na unaganda kwenye sufuria. Kwa sufuria ya lita 5, makaa yafike usawa wa ukingo wa udongo, yasizidi. Kati ya makaa na kitako cha sufuria kubaki sentimita 1 au 2. Sufuria ikilala juu ya makaa inaziba hewa, moto unafifia, na wewe unaongeza makaa yasiyohitajika.

4. Usisubiri jiko liwe jekundu lote ndipo uweke kitu. Mara moshi unapoisha, weka birika la maji ya chai au maji ya kuoshea vyombo. Joto la mwanzo, ambalo nyumba nyingi hulipoteza, lifanye kazi hiyo. Maji ya chai yakichemka, yamwage kwenye chupa ya chai, usiyaache jikoni.

5. Sufuria ya chakula iwe na mfuniko tangu mwanzo. Ikichemka, funga mlango wa jiko ubaki upenyo wa kidole kimoja. Mchemko mdogo unaivisha sawa na mchemko wa fujo.

6. Ukimaliza kupika, hamishia makaa yaliyobaki ndani ya mkebe wa bati, funika, uache nje juu ya mawe. Yatakosa hewa na kuzimika, na kesho yatawaka upesi kuliko mapya. Kumwagia maji ni hasara mara mbili: makaa yanalowa, na udongo wa moto ukipata maji baridi unapasuka.

Onyo ambalo halina mjadala: jiko la makaa, hata likionekana limebaki majivu, lisiingie chumba cha kulala. Nakuru baridi ya Julai huwashawishi watu kuliweka mlangoni usiku "lipashe kidogo". Hewa yake yenye sumu haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini. Ukipikia ndani, mlango na dirisha viwe wazi vyote.

Kutengeneza kikapu

Vinavyouzwa tayari vipo, lakini vingi vina vijazio vya sentimita 3 au 4 tu kwa sababu muuzaji anataka kupunguza gharama. Ukishajua kinachotakiwa, chako utakitengeneza kwa alasiri moja.

7. Pima nafasi. Weka sufuria katikati ya kikapu. Kila upande ubaki angalau sentimita 8, bora 10. Kisipofika hapo, punguza sufuria au tafuta kikapu kingine.

8. Jaza chini. Weka vijazio hadi unene wa sentimita 10 baada ya kukandamiza kwa ngumi. Majani ya migomba yawe makavu ya kuvunjika; yaliyo na unyevu yataota ukungu ndani ya wiki. Yachanechane, kwa sababu jani zima huacha mapengo makubwa yanayopitisha hewa.

9. Jaza pembeni sufuria ikiwa ndani. Zungusha ukikandamiza, lakini usishindilie sana: kinachozuia joto ni hewa iliyotulia kati ya majani au nyuzi. Panda hadi usawa wa mfuniko. Kisha itoe sufuria polepole; shimo libaki na umbo lake.

10. Tandika nailoni juu ya vijazio, halafu leso juu ya nailoni. Nailoni inazuia mvuke usilowanishe vijazio, na kikapu kilicholowa hakishiki joto hata kidogo. Nailoni isiguse sufuria, maana itayeyuka. Shona leso kwenye ukingo wa kikapu kwa mishono mirefu, ili uweze kuifumua na kuifua.

11. Shona mto wa juu. Hapa ndipo wengi hukosea. Joto hupanda, na mto mwembamba unaharibu kazi yote ya pembeni. Kata vitambaa viwili vya duara vyenye upana unaozidi mdomo wa kikapu kwa sentimita 10, shona, ujaze vijazio unene wa sentimita 10 au zaidi. Uwe laini kiasi cha kujibana kwenye kila pengo. Mto mgumu uliojazwa kupita kiasi unaacha upenyo pembeni.

12. Jaribu kwa maji. Chemsha lita 4 za maji, weka, funika, subiri muda wa saa 4. Ukifungua, mvuke uonekane, na maji yawe ya kukufanya utoe kidole mara tu unapogusa. Yakiwa ya uvuguvugu wa kuoga, rudi hatua ya 9 na ya 11 kabla ya kuharibu chakula.

Kupika kwa kikapu: mfano wa maharagwe

Tunachukua maharagwe kwa sababu ni kati ya vyakula vinavyokula makaa mengi jikoni. Ukiyaweza, mengine ni rahisi.

13. Chambua mawe, osha, loweka usiku kucha kwa muda wa saa 8 hadi 12, maji yakiwa mara tatu ya maharagwe. Kisumu kuna joto. Yakipita muda huo yanaanza kutoa povu na harufu ya kuchacha. Kama hutapika asubuhi, badilisha maji. Asubuhi mwaga maji ya kulowekea.

14. Weka maji mapya yapite maharagwe kwa sentimita 3 au 4. Usiweke zaidi, kwa sababu kwenye kikapu maji hayakauki. Chemsha kwa nguvu dakika 20 ukiwa Kisumu, Busia au Homa Bay. Dakika 30 ukiwa Nakuru au Eldoret. Hatua hii usiipunguze hata kama unabana matumizi. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko kamili wa angalau dakika 10. Joto la chini ya mchemko haliiondoi, na kuyatupa ndani ya kikapu baada ya mvuke wa kwanza kunaweza kuleta kutapika na kuharisha kwa nyumba nzima.

15. Hamisha haraka. Kikapu kiwe wazi kando ya jiko kabla hujaanza. Sufuria ikiwa bado inatokota na mfuniko wake juu, futa kitako kwa kitambaa kinene kuondoa masizi na kaa lililonata, kisha itumbukize na ufunike kwa mto. Iwe ndani ya dakika moja. Kaa dogo lililonata kwenye kitako linaweza kuchoma sponji polepole usione, kwa hiyo futa kweli.

16. Acha muda wa saa 4. Usifunue kuchungulia. Kila kufunua kunatoa joto ambalo hakuna moto wa kulirudisha. Nyumba yenye watoto, weka kikapu juu ya meza.

17. Rudisha motoni dakika 10 hadi 15. Chemsha tena, ndipo ukaange kitunguu na kuweka nyanya na chumvi. Nyanya, ndimu na kitu chochote chenye uchachu kikiingia mapema kinazuia maharagwe kulainika, haijalishi makaa utakayochoma.

Maharagwe yasiyolowekwa hula muda wa saa 2 na zaidi kwenye jiko. Kwa njia hii mchemko wote motoni ni dakika 30 hadi 45 kwa jumla.

Muda wa vyakula vingine

Hesabu zifuatazo ni za sufuria iliyojaa theluthi mbili au zaidi. Sufuria yenye chakula kidogo haina joto la kutosha kuhifadhi. Kwa mtu anayeishi peke yake, pika maharagwe ya siku mbili kwa mpigo badala ya kikombe kimoja.

- Wali: kila vikombe 2 vya mchele kwa vikombe 3 vya maji, si 4 ulivyozoea. Chemsha dakika 5, kikapuni dakika 45 hadi 60. Mchele wa Ahero na wa Mwea hunywa maji tofauti kidogo. Rekebisha kwa robo kikombe.
- Nyoyo au githeri ya mahindi makavu: loweka mahindi na maharagwe yote mawili. Chemsha dakika 45, kikapuni saa 4, chemsha tena dakika 15, rudisha kikapuni saa 2. Ni kazi ya siku nzima lakini si ya makaa ya siku nzima.
- Nyama ya ng'ombe: dakika 25 za mchemko, kikapuni saa 3.
- Matumbo: dakika 45, kikapuni saa 4, na lazima yarudi motoni.
- Kuku wa kienyeji aliyekomaa: dakika 40, kikapuni saa 3. Kuku wa gredi, yaani wa kisasa, hahitaji kikapu. Ataiva kabla hujapanga kikapu.
- Ndengu zilizolowekwa: dakika 10, kikapuni saa 1 na nusu.
- Viazi vitamu: dakika 12, kikapuni saa 1.

Ugali, chapati, omena na samaki wa kukaanga havihusiki. Sukuma na mrenda pia hapana, vinaiva kabla ya kikapu kuwa na faida.

Chakula kisikae kikapuni kupita muda wa saa 6, na kisilale humo. Joto likishuka chini ya nyuzi 60, vijidudu vinaanza kuzaana, na kikapu kilekile kilichokuwa kinaivisha sasa kinavitunza. Wali na nyama ndivyo vinavyoharibika upesi. Nakuru usiku hupoa kuliko Kisumu, hivyo kikapu chenye vijazio vya wastani huko kisipewe zaidi ya saa 5.

Vumbi la makaa usilitupe

Chini ya kila gunia kuna vumbi, na wauza makaa wengi wanalo rundo pembeni ambalo wanaliuza kwa bei ndogo sana au kulitoa bure.

18. Chekecha kwa wavu wa dirishani. Vipande vikubwa rudisha jikoni, vilivyopita ndivyo tunavyotumia. Toa mawe na vipande vya plastiki.

19. Changanya vumbi sehemu 4 na udongo mwekundu unaonata sehemu 1 kwa uzito. Udongo ukizidi, majivu yanakuwa mengi na moto hafifu. Udongo mweusi wa uwanda wa Kano unanata vizuri lakini hupasuka ukikauka; ukiwa na huo pekee, punguza hadi nusu na uongeze karatasi za magazeti zilizolowekwa siku mbili na kupondwa. Ongeza maji kidogo kidogo. Kipimo: bonge ukilikamua mkononi lisimomonyoke, na maji yasidondoke.

20. Finyanga madonge ya ukubwa wa yai la kuku, ukibana kwa nguvu. Makubwa hayakauki katikati.

21. Anika kivulini siku ya kwanza, kisha juani siku 3 hadi 5 juu ya gunia, ukigeuza. Kisumu mvua hupenda kushuka alasiri, basi yaingize ndani kabla ya saa tisa. Vunja moja: katikati pakiwa na unyevu, yote bado.

Kuyawasha, weka makaa ya kawaida kiganja kimoja chini, yakishika panga madonge juu safu moja. Usiyachokoechokoe, yatakuwa majivu. Yanatoa moto mpole wa muda mrefu: mazuri kwa nyoyo na kichwa cha mbuzi, mabaya kwa chapati. Onyo la hewa yenye sumu linayahusu vilevile.

Wenye gesi

Meko ya kilo 6 na kikapu ni ndugu: gesi inachemsha haraka, kikapu kinamaliza. Mwali usipande kando ya sufuria. Unaoonekana pembeni unapasha ukuta. Mwali wa manjano unaopaka masizi ni dalili ya matundu yaliyoziba, hivyo zima, subiri ipoe, safisha kwa brashi na sindano. Unapobadilisha mtungi, uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma chake. Ongeza 6 au 13, kisha omba upimwe mbele yako. Muuzaji asiye na mizani, nenda kwa mwingine. Ukishafunga, paka maji ya sabuni kwenye maungio; mapovu yakitokea, usiwashe.

Maji ya kuoga hayahitaji gesi siku za jua. Jerikeni ya lita 20 iliyopakwa rangi nyeusi, ikianikwa juu ya bati kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, inatosha watu wawili wa Kisumu bila kuchemsha. Nakuru itapunguza nusu ya kazi tu.

Mambo yakienda kombo

*Maharagwe bado ni magumu baada ya saa 4.* Kama yalichemka dakika zote zinazotakiwa, huenda ni ya zamani. Maharagwe yaliyokaa ghalani miezi mingi kwenye joto na unyevu hugoma kulainika. Safari ijayo, weka nusu kijiko cha chai cha magadi kwenye maji ya kulowekea, uyamwage baadaye. Wanaotumia musherekha (maji yaliyochujwa kwenye majivu) wafanye vivyo hivyo. Magadi kwenye maji ya kupikia nayo hulainisha, lakini yakizidi ladha inakuwa ya sabuni na ngozi zinachanika.

*Wali una maji juu na ni mgumu chini.* Uliuhamisha kabla ya dakika 5, au maji yalikuwa mengi. Rudisha kwenye moto mdogo dakika 4, kisha kikapuni dakika 15.

*Chakula kimeiva lakini kina harufu ya uchachu.* Kitupe. Kuchemsha tena huenda kusiondoe sumu iliyokwisha kutolewa na vijidudu. Kisha chunguza mto: mara nyingi umepata upenyo upande mmoja.

*Kikapu kilikuwa kizuri, sasa hakishiki joto.* Vijazio vimelala au vimelowa. Fumua leso, toa vyote, anika juani siku nzima, rudisha na uongeze vipya. Majani ya migomba yabadilishe kila baada ya miezi 4 hadi 6. Sponji na nguo hudumu zaidi.

*Jiko linawaka vibaya ingawa makaa ni makavu.* Tazama matundu ya udongo. Majivu na vipande vidogo vimeyaziba. Yasafishe kwa msumari jiko likiwa baridi, na utoe majivu ya chini kabla ya kila kuwasha.

*Matumizi hayajashuka.* Rudi kwenye daftari. Kwa kawaida makaa yaliyookolewa kwenye maharagwe yanachomwa na jiko lililoachwa likiwaka bure baada ya chakula kuingia kikapuni. Sufuria ikitoka, makaa yaende mkebeni papo hapo, au kitu kingine kiwe tayari kupanda.

*Mende au panya wamehamia kikapuni.* Wanafuata mchuzi uliomwagika. Fua leso kila wiki, usijaze sufuria hadi ukingoni, na kikapu kisichotumika kining'inizwe ukutani mdomo ukiwa wazi kipate hewa. Panya akishatoboa vijazio, vibadilishe vyote, si upande mmoja.